Sululu na Maji ya Saa Nne

Sur, Oman
Wakati wa baridi, bamvua limeshapita

Mdogo wangu Masudi,

Najua umesema shikamoo kabla hujaifungua bahasha, kwa hiyo marahaba. U hali gani, na lile goti lako li hali gani? Mwambie mkeo nimemuuliza hali yeye kwanza, ila kalamu ndiyo iliyokutanguliza wewe. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chake, tunakula, tunalala, na tunaamka tukiwa wale wale. Baridi ya mwaka huu imeingia mapema na watu wanavaa makoti juu ya kanzu, ukiwaona utadhani kila mtu kaiba koti la mwenziwe.

Sasa kaa vizuri nikupe habari. Kaka yako ndiye mtu mwenye macho makali kuliko watu wote wa Sur. Sisemi mie, limesemwa barazani mbele ya watu wazima. Juzijuzi nilikaa juu ya ukuta wa pwani, hori lote la bahari liko mbele yangu, pana kiasi ambacho mtu wa ng'ambo ukimwita hakusikii, na kwa jicho tupu, bila darubini, nikamwona ndege, heroe mmoja, amesimama kwa mguu mmoja upande wa pili. Mwekundu, shingo kaikunja, katulia kama bwana harusi. Pale hapana mwengine aliyekuwa amemwona. Nikawaonyesha kwa bakora, nikawaambia huyu katangulizwa na wenziwe aje kutazama mahali, na hao wenziwe wako njiani.

Basi. Nilipofika hapo niliweka kalamu nikaenda kunywa kahawa, na niliporudi nikaona haya, kwa kuwa wewe hukunikosea kitu. Heroe yule alikuwa beseni. Beseni la plastiki la kufulia nguo, limechukuliwa na maji, likanasa juu ya mti wa kufungia mashua, na mti ule ndio uliokuwa mguu wake mmoja. Alikaa hapo siku mbili nikimsifu. Siku ya tatu Mbarak akavuka na mashua yake, akamchukua heroe wangu, akamleta barazani kamjaza dagaa.

"Hilali," akaniambia, "ndege wako huyu. Mke wangu anakushukuru, alikuwa akimtafuta."

Huyu Mbarak nimjulishe kwako. Ni Msuri wa hapa hapa, mvuvi, umri wake kama wangu ila yeye meno anayo. Ujana wake alifika Unguja mara nyingi na Kiswahili anakijua, anakisema kwa nguvu kama mtu anayegonga mlango. Tunatukanana kila siku baada ya alasiri, na siku asipokuja kunitukana kahawa hainipiti.

Ukweli wenyewe ni huu. Macho yangu yameingia ukungu. Lilianza jicho la kulia, nikadhani ni vumbi la Bidiya, maana tulikwenda harusini kule na mchanga wao ule unaingia hata ndani ya maneno. Vumbi nikalingojea liondoke, haliondoki. Siku hizi watu kwangu ni vivuli vinavyosema salamaleku. La kushoto bado linasoma nikiileta karatasi mpaka puani, ndiyo maana utaona mistari inapanda na kushuka kama ngazi za nyumba ya bibi, na hilo doa hapo juu ni la kahawa, lisikutishe.

Utaniuliza, sasa mtu kama huyo kapataje sifa ya macho makali? Kaipata kwa shemeji yako Zuwena.

Ile baridi yetu ya kwanza hapa nilikuwa sijui mtu. Wenyeji nikisema nao Kiarabu changu cha chuo cha Kurani walinisikiliza kwa heshima, kisha wakageuka upande wakacheka. Nikawa nakwenda kukaa pwani peke yangu. Siku moja maji yamekupwa, tope liko wazi, nikamsikia sululu. Sululu yule yule, Masudi, yule kijivu mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, anayepiga mluzi mfululizo kama mtu anayekusanya mbuzi. Nikarudi nyumbani nikamwambia Zuwena, nimemkuta mtu wa kwetu. Akaweka maji ya chai, akidhani naja na mgeni.

Toka hapo kila baridi tunakwenda wote wawili. Ndege wanakuja hapa kutoka nchi za theluji, wengine wanakaa, wengine wanapumzika kisha wanashika njia ya kwenu Unguja. Zuwena, kama unavyomjua, ana macho ya kipanga, na masikio yake sasa ni ya ukuta. Mie nina masikio. Kwa hiyo tumegawana kazi. Yeye anasema, "Mrefu, mwembamba, anakwenda kama anayeogopa kukanyaga uchafu." Mie nasema, "Kulastara." Anasema, "Wadogo, wengi, wanakimbia mbele ya wimbi kama watoto wa chuo." Nasema, "Vitwitwi." Tabu iko katika kumuuliza. Nikiuliza kwa sauti ya watu hasikii, nikipaza sauti ndege wote wanaruka, na hapo ananigeukia, "Umewafukuza."

Hata manispaa walipopanda bustani ya majani karibu na pwani tukaongeza na huko. Kuna hudihudi anakuja kila baridi, anatoboatoboa yale majani kwa mdomo kutwa nzima. Nikawaambia watu, mjumbe wa Nabii Suleiman huyo, leo kaajiriwa na manispaa, na kilemba wamempa cha kazi. Imamu hakucheka. Hudihudi namwona hata mie, anakuja mpaka kwenye vidole vya miguu.

Kisha jioni, barazani, yote aliyoyaona Zuwena nayasema mie. Furukombe kapita na samaki mkubwa kuliko kichwa chake. Yangeyange kaongezeka mmoja. Watu wakawa wananiuliza, vijana wa skuli wakawa wanakuja kuamua ubishi wao kwangu, nami nikaamua. Sikumdhulumu mtu. Macho ya mke na macho ya mume ni mali moja.

Tatizo likaja na heri. Rayya, mke wa mwanangu Nassor, kajifungua mtoto wa kike huko Nizwa, na mtoto mzima, alhamdulillahi. Zuwena akafunga mzigo kwenda kukaa na mzazi arobaini. Nassor akataka twende sote. Nikasema, kuku nitamwachia nani? Hatuna kuku. Nassor hajui, haji mara nyingi, na Zuwena hakunisikia nilichosema. Zuwena mlangoni akaniambia, "Usishuke ule ukuta." Akaninyooshea kidole karibu mpaka nikakiona.

Kwa hiyo habari ya beseni niliitenda nikiwa sina macho nyumbani. Ningekuwa naye angesema, "Beseni," na ingekwisha.

Sasa nisikilize, hapa ndipo pa kunisikiliza.

Baada ya ile aibu nilikaa ndani siku mbili tatu. Halafu Mbarak akapita dirishani. "Toka, ya shayba, mzee wewe," akaniambia, "heroe wamekuja kweli. Wako upande wa mwisho wa tope. Safari hii hawana mishikio."

Nilimkaripia, akaenda zake kwenye mashua. Lakini nililala na heroe kichwani. Nilisema moyoni, kesho nitakwenda kwa miguu mpaka nitakapowafikia karibu, niwaone mwenyewe, kwa jicho langu hili linalosoma puani, hata kama itabidi niwashike mkia. Unanijua. Ukinicheka sinyamazi.

Usiku ule ulikuwa wa mwezi mpevu, niliujua kwa vile ua lote lilikuwa jeupe. Asubuhi nikanywa chai, nikangojea jua lipande. Mwezi mpevu ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi. Na bamvua, saa nne asubuhi, maji yako nje kabisa, unakwenda kwa miguu mpaka uchoke wewe. Hesabu hii, Masudi, sikukaa nikaipiga. Ilikuwemo mwilini tu, kama unavyoujua mlango wa chooni gizani.

Nikavua makubadhi nikayaweka juu ya ukuta. Nikaifunga kanzu kiunoni, nikashuka zile ngazi. Tope lilikuwa baridi. Mbele yangu sululu anapiga mluzi, nikaenda kwenye mluzi. Maji yakafika kwenye kifundo cha mguu, nikasema dimbwi. Yakafika magotini, nikasema mkondo, nitauvuka. Sululu akanyamaza, kisha nikamsikia ubavuni. Halafu nikamsikia nyuma yangu.

Hapo ilikuwa nishtuke. Ndege wa tope akihamia nyuma yako, ujue mbele hapana tope tena. Mtoto mdogo wa pwani anajua. Mie sikushtuka. Nilikata kulia, maana kulia ndiko iliko mikoko, na nyuma ya mikoko ndiko iliko njia ya kwetu, na Masudi yuko mbele, kama kawaida yake hangoji. Nilikuwa sina wasiwasi hata kidogo. Tena nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: nilikuwa na furaha. Nikakuita. "Masudi, ningojee." Na maji yako kifuani.

Upande ule hapana mikoko. Pana mlango wa hori tu, na maji yakijaa yanaingia hapo kwa nguvu ya kumwangusha punda.

Mbarak alikuwa anarudi kutoka baharini. Alinishika ukosi kama anavyoshikwa paka, akanitia katika mashua juu ya nyavu. Hakunitukana, na hapo ndipo nilipojua kuwa jambo ni kubwa. Akanivika koti lake. Tulipokaribia ukuta akazima mashine.

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kuwatazama heroe."

"Heroe wako nyuma yako. Wameondoka zamani, wao wana akili." Kisha akaniuliza polepole, kwa Kiswahili ambacho safari hii hakikugonga mlango, "Masudi nani?"

"Jina la ndege," nikamwambia.

"Ndege gani?"

"Mdogo. Hana maana. Ukimwita haji."

Mbarak akawasha mashine. Barazani alisema nimemwomba anitembeze nikatumbukia kwa uzito wa tumbo langu, na watu wakacheka, nikacheka nao. Lakini alikwenda kumpigia simu Nassor gerejini. Alimwambia habari ya maji. Habari ya jina hakumwambia. Najua hakumwambia, kwa sababu Nassor angeniuliza.

Nassor alifika jioni ile ile. Katoka Firq, hapo nje ya Nizwa penye gereji, kapita Ibra bila ya kusimama hata kunywa maji, na nguo za kazi zina mafuta ya magari. Unamkumbuka mtoto, ulikuwa ukimbeba mabegani. Sasa gereji ya watu wengine iko mikononi mwake, na mashavu yameanza kushuka kama ya baba yetu. Kanipeleka ukutani tukakaa pale pale.

"Vidole vingapi hivi, baba?"

"Vyako au vyangu?"

"Baba."

"Vitano. Ulizaliwa navyo, nilivihesabu mwenyewe."

Alikuwa kanyoosha viwili. Alinishika mkono akanipapasisha. Kisha ndege akalia majini, nikamtaja kabla hajamaliza kulia, na Nassor akasema, "Sawa, huyo ndiye. Sasa nionyeshe yuko wapi."

Nikanyoosha mkono. Masudi, mwanangu akaushika ule mkono akausogeza taratibu upande, akausogeza tena, mpaka ukafika. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

"Macho yanatengenezwa," akasema. "Daktari yuko Maskati, anayatoa ule ukungu, unarudi kwako. Macho hayanikoseshi usingizi, baba. Mie nataka kujua kichwa."

"Kichwa kipo. Unakiona kimekaa juu ya shingo."

"Umekaa hapa miaka kenda. Kila siku unakaa juu ya ukuta huu. Hapa siku za bamvua asubuhi maji huwa yamejaa. Hata mie, mtu wa gereji, mtu wa Firq, najua. Ukutani pana alama yake. Wewe ulishukaje?"

Nikamwambia nilikosea hesabu.

"Ya maji au ya siku?"

"Nilikosea, khalas."

Akaniambia kwa upole, kama anavyosema na mtu mwenye gari lisilotengenezeka, kwamba arobaini ya mzazi ikiisha hatamrejesha mama yake Sur. Atakuja yeye na pikapu kunichukua mie na vitu. Chumba kipo, kina mashine ya baridi. Kama ni macho tu, akasema, tungefanya matibabu ungerudi hapa kwa ndege wako. Lakini mtu anayesahau yuko wapi hawezi kukaa karibu na maji.

Na kweli, hawezi. Mwanangu hana kosa. Ningekuwa mie ndiye yeye ningefanya hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi.

Nizwa naijua. Mji mzuri, watu wake wana dini, halua yao inakutia uvivu mpaka siku ya pili. Lakini milima imeuzunguka kila upande, na maji yao yanakwenda katika mfereji. Yanatoka mlimani, yanapita, yanaingia mitendeni, basi. Yanakwenda upande mmoja tu siku zote. Mara ya mwisho nilikaa ukingoni mwa ule mfereji tangu asubuhi mpaka adhuhuri nikingojea yarudi, Rayya akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu. Ndege wa huko ni hua na kunguru, watu wa heshima, hawatoki nje ya mji. Sululu hafiki. Atafuata nini?

Lakini siyo Nizwa inayonikosesha usingizi. Ningeambiwa twende kwa sababu ya macho ningenung'unika nikaenda. Kinachonikosesha usingizi ni lile swali la Nassor, na swali langu mwenyewe lililo chini yake, ambalo nakuuliza wewe peke yako.

Nikikaa kitandani naifikiria ile hesabu. Mwezi mpevu, bamvua, saa nne asubuhi, maji yako nje. Sur si hivyo, Sur yanajaa. Basi nimeitoa wapi? Nasema, nimeitoa Unguja. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Tulikuwa tukitoka chuoni tunakwenda Maruhubi tukikuta pwani tupu, tunawategea vitwitwi kwa uzi. Nakumbuka hivyo. Halafu najiuliza, una hakika? Ilikuwa asubuhi au jioni? Na zamani, Masudi, ungeniamsha usingizini ningekujibu na kurudi kulala. Sasa naifumbia macho pwani ile naiona yote. Naiona mikoko, nauona ule ukuta wa gofu la kasri, nakuona wewe na kikoi chako kilichochanika. Maji ndiyo siyaoni yako wapi. Nageuza huku, yamejaa. Nageuza huku, yamekupwa.

Kwa hiyo ama hesabu yangu ni sahihi, na kosa langu ni kwamba nimeitumia mahali pasipo pake, kama mtu anayejaribu ufunguo wa nyumba yake kwa jirani. Huyo hajapotea akili, kapotea nchi tu, na kupotea nchi sote tumepotea, hapana aliyetiwa pikapuni kwa hilo. Ama ile hesabu haikuwa ya Unguja wala ya Sur wala ya popote, kichwa kimejitungia chenyewe, na mimi nimeifuata mpaka kifuani nikifurahi.

Hapa hapana wa kumuuliza. Wenzetu waliotoka huko wengi wa mjini, pwani waliiona kutoka dirishani, mmoja anasema hivi mwengine anasema vile, na nikiendelea kuuliza mtu atasema Hilali anauliza nini siku hizi, na neno litafika Firq. Mbarak angejua, lakini Mbarak ameshanisikia nikikuita. Tangu siku ile anakuja, anakaa, ananisomea ndege. "Kuna mweusi mmoja juu ya jiwe," ananiambia, "kama wewe unapodaiwa." Anajifanya ananitukana. Hajui majina, ila anangojea niseme. Juzi alinitazamia mpaka magharibi, na chakula chake nyumbani kimepoa.

Nisalimie watu. Mkeo, na umwambie kofia aliyonishonea bado naivaa, imebana kidogo, kichwa ndicho kilichokua. Shangazi yetu anayeuza vitumbua, kama bado anakataa kukopesha mwambie nimemsikia huku. Binti yako mwalimu na mumewe wa bandarini. Jirani yetu fundi saa, na asiulize ile saa yangu, bado inakwenda inapotaka. Zuwena angekusalimu angekuwepo. Rayya na mtoto wanakusalimu, mtoto hajui ila nimemsemea.

Sasa lile langu. Unakumbuka yule kitwitwi uliyemwingiza chuoni ndani ya kikapu cha juzuu. Akaruka, akamnyea mwalimu kwenye kilemba, darasa zima likaanguka kwa kicheko. Mwalimu akauliza nani. Wewe ulitazama chini. Mimi nilikuwa mkubwa, nikanyoosha mkono. Viboko vile vilikuwa vyako, Masudi, na siku zote hizi sijakudai hata nusu ya kimoja. Leo nakudai.

Anayekuletea barua hii ni mtu mzuri, anakaa kwa nduguze huko mpaka mwezi upevuke tena, kisha anarudi Sur, na atafika kabla Nassor hajaja na pikapu. Asubuhi ya mwezi mpevu nenda Maruhubi. Usimtume mtu. Goti najua linauma, nenda polepole, pumzika njiani, lakini saa nne uwe umesimama pale tulipokuwa tukitegea. Tazama maji yako wapi, yako nje au yako ndani, uniandikie. Neno moja linatosha, liandike kubwa.

Yakiwa nje, nitamsomea Nassor neno lako, nitamwambia kichwa kizima kipo, anipeleke kwa daktari wa Maskati, kisha anirudishe hapa na mama yake. Yakiwa yamejaa, niandikie hivyo hivyo. Usinionee huruma. Wewe ukisema uongo unaandika wallahi mara tatu, nitajua. Nitafunga vitu vyangu mwenyewe, pikapu ikifika inikute nimekaa mlangoni.

Na ukiwa pale, kama sululu watakuwepo, simama kidogo uwasikilize. Wengine wamepita kwangu.

Ni mimi kaka yako,
Hilali